Ubao wa Sanduku la Muziki Katika Mashua

Namna ya kuuchagua, na namna ya kuuziba usinywe maji

Jua linapokaribia kutua Lamu, mashua za kuchukua wageni hurudi moja baada ya moja kutoka Shela na Manda. Zamani sauti iliyotangulia chombo ilikuwa ya mabaharia wenyewe wakiimba wanapovuta kamba. Siku hizi mashua nyingi zina redio na spika, na mtu aliyesimama gatini husikia tarabu kabla hajaliona tanga. Mambo ni hayo hayo Mtwapa, Kilifi na Watamu, na hata katika maboti ya Ziwa Victoria. Muziki umekuwa sehemu ya biashara ya chombo, maana abiria aliyefurahi leo huwaleta rafiki zake kesho.

Lakini bahari haikihurumii kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya sebule. Wenye mashua wengi wamenunua sanduku la spika dukani, au wamelitengeneza kwa mbao zilizobaki katika kazi ya kabati, wakalifunga chini ya kiti cha nyuma. Masika moja yakipita, pembe za sanduku zimefura, skrubu zimeshika kutu, na sauti imekuwa kama ya debe lililopasuka. Hasara hiyo si ndogo. Fedha zilizotumika ni za nauli na samaki, na pengine ndizo zilizokuwa zimewekwa kwa karo ya mtoto. Tena, fundi asiye mwangalifu anaweza kukidhuru chombo chenyewe kwa kukitoboa mahali pasipostahili. Kwa hiyo yafaa kila mwenye mashua, na kila seremala anayeitwa kufanya kazi hiyo, ajue ni ubao gani ufaao na jinsi unavyozibwa.

KWA NINI SPIKA HUHITAJI SANDUKU

Spika ikiachwa bila sanduku hutoa sauti nyembamba. Sababu yake ni rahisi. Kifuniko cha spika kinaposukuma hewa mbele, wakati ule ule huivuta hewa ya nyuma. Na sauti nzito za mbele na za nyuma zikikutana, huuana. Sanduku huzitenga sauti hizo mbili. Ni kama ngoma: ngozi peke yake haina mlio, mpaka iwambwe juu ya mzinga wake.

Basi sanduku jema lapasa kuwa na sifa tatu. Kwanza, lisiwe na ufa, maana hewa ikivuja hufanya mlio wa kufoka na sauti nzito hupotea. Pili, kuta zake ziwe ngumu zisitetemeke, kwa kuwa ukuta unaotetemeka huongeza sauti yake mwenyewe ambayo haikuwamo katika wimbo. Tatu, libakie na umbo lile lile kiangazi na masika. Nchi kavu sifa hizo hupatikana kwa urahisi. Baharini adui wa zote tatu ni mmoja, nayo ni maji kuingia ndani ya ubao.

MBAO MBILI, KAZI MBILI

Hapa ndipo hata mafundi hodari wa vyombo hukosea, kwa sababu wanayajua maji kwa njia nyingine. Jahazi linalojengwa Matondoni au mahali pengine pa pwani hutegemea maji kulifunga. Fundi huunga mbao za ubavu juu ya mataruma, akajaza kalafati ya pamba katika nafasi zilizobaki, akaupaka mwili sifa ya papa na deheni chini. Chombo kikishushwa majini, mbao hunywa maji kidogo, hufura, na kila ubao humbana jirani yake. Ndiyo sababu chombo kilichokaa juu ya mchanga siku nyingi huvuja kinaposhuka, kisha hutulia.

Sanduku la spika ni kinyume cha hayo. Halina maji ya daima ya kulibana. Leo linapigwa na mawimbi, kesho linakaushwa na jua kali, keshokutwa lanyeshewa. Ubao ukifura na kusinyaa hivyo kila siku, gundi huachia na skrubu hulegea. Isitoshe, ubao haufuri sawa pande zote. Kwa urefu wake haubadiliki ila kidogo sana, lakini kwa upana wake hubadilika kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Basi pembe inayounganisha urefu wa ubao mmoja na upana wa mwingine hupasuka, kwa sababu mmoja unavuta na mwingine umekataa.

Kadhalika, haifai kulipaka sanduku sifa ya papa kwa kuwa imezoeleka katika vyombo. Mafuta hayo hayaganda yakawa ngozi ngumu. Isitoshe, ubao ulionywa mafuta haushiki gundi wala rangi baadaye.

Jambo jingine lisilojulikana na wengi ni kwamba maji ya mvua huozesha mbao kuliko maji ya bahari. Kuoza huletwa na kuvu, na chumvi huizuia kuvu. Sanduku linalorushiwa maji ya chumvi huharibika kwa kufura. Lile linalokaa katika kona yenye maji ya mvua yasiyotoka huoza. Mwenye boti la Ziwa Victoria, ambalo maji yake ni baridi, hana chumvi ya kumsaidia hata kidogo, na kwa hiyo yampasa kuwa mwangalifu zaidi.

MBAO ZISIZOFAA

Ubao usiofaa kuliko zote ni chipubodi, yaani ubao wa vipande vidogo vya mti vilivyogandishwa kwa gundi. Ukilowa mara moja, hufura na kumeguka kama mkate katika chai.

Wa pili ni ubao wa MDF, uliotengenezwa kwa nyuzi za mti zilizosagwa na kushindiliwa. Ubao huu ndio unaopendwa na watengenezaji wa spika za nyumbani na za magari, nao wana sababu. Ni mzito, hauna vifundo, uso wake ni laini, na hautetemeki upesi. Lakini nyuzi zake zimeshindiliwa kwa nguvu. Maji yakiingia, hutanuka, na hata ukikauka haurudi unene wake wa kwanza. Kingo zake ndizo hunywa maji kwa kasi zaidi. Wapo waupakao rangi nyingi na kutumaini. Tumaini hilo hudumu mpaka siku rangi itakapokwaruzwa na ndoo au nanga, kwa maana tundu moja dogo latosha kuliharibu sanduku zima. MDF yaweza kutumika ndani ya chumba kikavu cha chombo kikubwa, ikiwa imezibwa pande zote. Katika mashua iliyo wazi haina mahali.

Tena uzito wake si jambo la kupuuzwa. Chukua sanduku ambalo ndani yake lina urefu wa sentimita 40, kimo sentimita 30 na kina sentimita 25. Hilo lina nafasi ya lita 30. Likitengenezwa kwa MDF ya milimita 18, mbao peke yake zitakuwa na uzito wa karibu kilo 9. Likitengenezwa kwa plaiwudi nyepesi ya baharini ya unene ule ule, uzito hupungua ukawa karibu kilo 5 na nusu. Kwa masanduku mawili tofauti yazidi kilo 6, na uzito huo uko juu ya viti, mahali ambapo chombo kidogo hakipendi kulemewa.

Plaiwudi ya kawaida ya ndani ya nyumba haifai pia. Juu yaweza kuonekana nzuri sana, lakini gundi yake hulainika ikilowa, na matabaka yake hubanduka kama maganda ya kitunguu.

MBAO ZIFAAZO

Ubao ufaao kuliko zote kwa kuta za sanduku ni plaiwudi ya baharini. Plaiwudi ni matabaka membamba ya mti yaliyogandishwa moja juu ya jingine, nyuzi za kila tabaka zikikatiza nyuzi za lile la chini yake. Kwa sababu hiyo tabaka moja likitaka kutanuka, jirani yake hulizuia, na ubao mzima hukaa ulivyo. Ile ya baharini huunganishwa kwa gundi isiyolainika hata kwa maji yanayochemka, na matabaka yake ya ndani hayana mapengo. Mapengo hayo ni hatari mbili: maji hujificha humo, na sauti hutetemeka humo.

Kanuni ya Kiingereza inayojulikana kwa plaiwudi hiyo ni BS 1088, na mnunuzi ataiona imepigwa muhuri juu ya ubao. Lakini muhuri ni wino tu, na wino waweza kupigwa na mtu yeyote. Basi mnunuzi mwenye busara huomba kipande kidogo na kukijaribu. Hukichemsha kwa saa kadhaa, akakikausha, kisha akajaribu kuyatenga matabaka kwa patasi. Yakiachana bila kazi, ubao huo si wa baharini hata ukiwa na mihuri kumi. Vile vile hutazama kingo zote nne za ubao, na kuugonga uso wake kwa sarafu. Mahali penye pengo hulia sauti tofauti.

Yafaa kujua vile vile kwamba plaiwudi ya baharini si lazima iwe ya mti usiooza. Nyingi hutengenezwa kwa okume, mti mwepesi wa Gabon, ambao ukiachwa bila kuzibwa huoza upesi. Gundi yake ni ya bahari, lakini mti wenyewe bado wahitaji kulindwa.

Mbao nzima, yaani zisizo za matabaka, zina kazi yake pia. Msaji, mvule, mbambakofi na mkangazi ni miti iliyosifiwa tangu zamani kwa kudumu kwake. Lakini haifai kwa kuta pana za sanduku, kwa sababu ya kule kutanuka na kusinyaa kulikoelezwa. Mahali pake ni vipande vyembamba vya kuunga pembe kwa ndani, mikanda ya kufunika kingo za plaiwudi, na duara la kuzunguka spika, ambalo huonekana na abiria na kukipamba chombo. Fundi achague kiini cha mti, si sehemu nyeupe iliyo karibu na ganda, kwa kuwa weupe huo huoza na kuliwa na wadudu hata katika mti ulio bora. Akitumia msaji akumbuke kwamba una mafuta yake mwenyewe. Yampasa aupanguse kwa kitambaa chenye asetoni muda mfupi kabla ya kutia gundi, la sivyo gundi haitashika.

Miti hiyo haipatikani kwa wingi kama zamani. Tangu Februari 2023, mkangazi, mbambakofi na mninga za Afrika zimekuwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na kupitisha mbao zake mpakani kwahitaji kibali. Mwenye mashua anayeuziwa mbao za magendo gizani anajitafutia taabu kwa sababu ya kipande cha kupambia spika. Mara nyingi seremala wa karibu ana mabaki halali ya kazi nyingine, nayo yatosha.

Wapo pia wanaoiacha mbao kabisa na kutumia plastiki. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini jahazi dogo liitwalo Flipflopi, lililojengwa kwa taka za plastiki zilizookotwa, nalo likawaonyesha watu wengi kwamba plastiki yaweza kufanya kazi ya ubao. Haioki wala hainywi maji. Lakini gundi za kawaida hazishiki juu ya plastiki ya namna hiyo, na kwa hiyo sanduku lake hutaka kufungwa kwa skrubu na mikanda ya mpira. Kwa seremala aliyezoea mbao, plaiwudi ingali njia rahisi.

UBAO UKAUKE KWANZA

Ubao ukizibwa ungali na maji, maji hayo yamefungiwa gerezani pamoja nao. Kuvu huota panapo unyevu unaozidi asilimia 20 ya uzito wa ubao mkavu. Fundi mzuri hataki ubao wake uzidi asilimia 15 siku ya kuuziba, na chini ya hapo ni bora zaidi.

Hakuna haja ya chombo cha ghali kupima. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si mwisho wake, ukakipime uzito. Kitie katika jiko la kuokea mikate, lenye joto linalozidi kidogo nyuzi 100, ukipime tena mara kwa mara mpaka uzito usipungue tena. Toa uzito wa mwisho katika uzito wa kwanza, kisha tofauti hiyo uigawanye kwa uzito wa mwisho. Mathalani, kipande kilikuwa gramu 115 kikawa gramu 100: tofauti ni 15, na unyevu wake ulikuwa asilimia 15. Kikiwa cha gramu 125 na kubaki 100, ubao huo usubiri.

Katika pwani ya Lamu miezi ya Januari hadi Machi ndiyo yenye mvua chache, nayo ni mizuri kwa kazi hii. Kwa bahati mbaya ndiyo pia miezi ya wageni. Lakini sanduku hutengenezwa chini ya paa nchi kavu, na mashua yaweza kuendelea na safari zake mpaka siku ya kulifunga.

KUZIBA

Dawa bora ya kuziba iliyopo siku hizi ni epoksi. Ni gundi ya maji mawili: utomvu, na dawa ya kuugandisha. Yakichanganywa, hugeuka kuwa kitu kigumu kisichoyeyuka tena. Nguvu ya njia hii si jambo la kubahatisha. Mwaka 1970 ndugu wa ukoo wa Gougeon, katika mji wa Bay City, Marekani, walishusha majini mashua ya mbao yenye urefu wa futi 35 iitwayo Adagio, ambayo mbao zake ziliunganishwa na kuzibwa kwa epoksi. Mashua hiyo iliendelea kushindana kwa miongo kadhaa.

Kazi yenyewe hufuata utaratibu huu. Kata vipande vyote, na matundu yote ya spika na ya waya, kabla ya kupaka. Parua kwa msasa, futa vumbi. Changanya maji hayo mawili kwa kipimo kile kile kilichoandikwa na mtengenezaji. Hapa wengi hujidanganya. Huongeza dawa ya kugandisha wakidhani itakauka upesi, kama vile mpishi aongezavyo moto. Epoksi haikauki, huungana, na kilichozidi hakina mwenzake wa kuungana naye. Matokeo ni ngozi laini inayonata isiyogandika milele. Changanya kidogo kidogo katika chombo kipana, kwa maana ikiwa nyingi katika kikombe chenye kina hupata moto wenyewe, hata ikatoa moshi.

Paka mikono mitatu, nje na ndani. Neno hilo la ndani lisisahauliwe. Ubao uliozibwa upande mmoja hupinda, kwa kuwa upande mmoja unabadilika na mwingine hauwezi. Kwa sanduku la lita 30 lililotajwa, nyuso za nje na za ndani pamoja hazifiki mita 1 na nusu za mraba, na kwa mikono mitatu epoksi inayohitajika haizidi kilo moja. Kingo za plaiwudi zipakwe kwanza, zirudiwe mpaka zisinywe tena, kwa sababu huko ndiko zilikokatwa nyuzi, na kila uzi uliokatwa ni kama mrija mdogo wa kuvutia maji.

Saa nzuri ya kupaka ni alasiri, joto linapoanza kushuka. Asubuhi ubao unapopata joto, hewa iliyomo hutanuka na kutoka, ikaacha mapovu katika epoksi. Jioni ubao unapopoa, hewa hujikusanya na kuivuta epoksi ndani. Mkono wa pili upakwe wa kwanza ukiwa bado unanata kidogo. Ikiwa umeshaganda kabisa, uoshwe kwa maji safi ili kuondoa utando wa mafuta unaoweza kutokea juu, kisha uparuliwe kwa msasa. Fundi avae mipira mikononi, maana epoksi huweza kuudhi ngozi, na aliyeudhiwa mara moja huenda asiweze kuigusa tena maisha yake yote. Ikimpata mkononi asiioshe kwa asetoni, bali kwa sabuni na maji.

Mwisho, epoksi ina adui mmoja, nalo ni jua. Likiachwa wazi, sanduku hugeuka manjano, kisha huchakaa uso. Kwa hiyo hufunikwa kwa rangi nzuri ya mafuta, au kwa vanishi ya baharini yenye dawa ya kuzuia jua. Rangi nyeupe ndiyo bora, kwa sababu haivuti joto.

TUNDU DOGO, HASARA KUBWA

Baada ya taabu yote hiyo, wengi huja na skrubu, wakalitoboa sanduku kila upande na kufungua njia mpya za maji. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa wenyewe una upana wa skrubu. Dawa yake ni kutoboa tundu kubwa kuliko skrubu, kulijaza epoksi, kuiacha igande, kisha kutoboa tundu dogo katikati ya epoksi hiyo. Hapo skrubu itakaa ndani ya ganda, wala haitaugusa ubao kamwe. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, aina ya 316 ikipatikana, ambayo hustahimili chumvi. Kati ya spika na sanduku uwekwe mkanda wa mpira, na tundu la waya lizibwe kwa gundi ya mpira. Waya ishuke chini kidogo kabla ya kupanda kuingia, ili maji yanayoifuata yadondoke pale inapopinda. Na spika yenyewe iwe ya baharini, kwa kuwa spika ya karatasi itaoza hata ndani ya sanduku zuri kuliko yote.

Katika karakana za pwani mazungumzo ya namna hii husikika mara nyingi. Kijana mwenye mashua hulalamika: “Fundi, kwa bei ya ubao huu mmoja ningepata masanduku mawili dukani.” Na fundi mzee hujibu bila kuinua macho kutoka kwenye randa: “Mwanangu, utayapata mawili kweli. Moja la mwaka huu, na moja la mwaka ujao.”

MAHALI PA KULIWEKA

Sanduku lisikae katika ngama, mahali maji ya chombo yanapokusanyika. Likae juu, chini ya viti au kando ya tezi, limeinuliwa kwa vipande vya ubao ili hewa ipite chini yake na maji yasitue. Lifungwe kwenye kiti au kwenye ubao uliowekwa kwa kazi hiyo. Kamwe mtu asitoboe mbao za ubavu zilizo karibu na maji, wala asikate taruma hata kidogo ili kupata nafasi. Taruma ni ubavu wa chombo, na hakuna wimbo unaostahili ubavu uliovunjika.

Jambo la mwisho lahusu uhai wa watu. Kila spika ina sumaku nyuma yake, nayo huivuta sindano ya dira. Spika iliyo karibu na dira yaweza kumpotosha nahodha bila yeye kujua, na katika usiku wa mawingu kupotoka kidogo kwatosha kumfikisha mwambani. Spika iwekwe mbali na dira, isipungue mita moja, na yenye sumaku kubwa mbali zaidi. Kisha ijaribiwe: mtu mmoja aitazame dira, mwingine ailete spika na kuiondoa, kisha muziki uwashwe na kuzimwa. Sindano ikisogea hata kidogo, mahali hapo hapafai. Waya mbili za umeme zisokotwe pamoja, kwa kuwa nazo huzaa nguvu ya sumaku. Fyuzi iwekwe karibu na betri, na betri ya muziki isiwe ile ya kuwashia injini, ili nyimbo za mchana zisimwache nahodha na injini bubu jioni.

Tena sheria za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana, zilizowekwa mwaka 1972, zaagiza katika kanuni ya 5 kwamba kila chombo kiwe na ulinzi wa macho na wa masikio. Nahodha asiyesikia honi ya mwenzake wala mlio wa injini yake kwa sababu ya muziki amejiziba sikio kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo mwenye mashua anayetaka muziki na afanye hesabu yake mapema. Anunue plaiwudi ya baharini, aipime ukavu wake, aizibe ndani na nje, alilinde kila tundu, na alifunge sanduku mahali ambapo si dira wala taruma litakalodhurika. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na nyingi katika hizo ni za kungoja tu. Lakini masika yatakapokuja na kupita, na wageni wa mwezi wa Desemba wakarudi gatini, sanduku lake litakuwa lingali na pembe zake, na wimbo utasikika kama siku ya kwanza.